Mgoto au Mvumo: Kuchagua Bita ya Ngoma ya Mguu

Kabla pedali ya kwanza ya dramu kufika Nyanza, mguu wa mwanamuziki wa huku ulikuwa na kazi yake. Mpiga nyatiti wa Kiluo huketi kwenye kigoda kifupi, kinubi chake kimelazwa mbele yake, na kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete ya chuma iitwayo oduong'o. Mikono inaposhughulika na nyuzi nane, kidole hicho hugonga mbao za kinubi na kushika mapigo, huku gara zilizofungwa mguuni zikijibu kwa mlio wao wa njuga. Pete ile ingeweza kuwa ya ngozi au ya mti, lakini ni ya chuma, na nadhani sababu yake inasikika. Sauti ya nyuzi hutoka katika kisanduku kilichowambwa ngozi. Ni sauti nene inayozizima na kuchanganyika. Kinachopungua hapo ni ncha, mlio mfupi na mkavu wa kumwonyesha mchezaji aliye mbali pigo liko wapi. Chuma kikikutana na mbao, ncha hiyo inapatikana. Aliyeivaa kwanza alikuwa ametambua ni sauti gani inayokosekana mahali pale, ndipo akatafuta kitu cha kuitoa.

Utaratibu huohuo wa kufikiri ndio ninaotaka kuuweka mbele ya kila anayekalia seti ya dramu Kegonga, huku Kuria, leo, awe kanisani, katika bendi ya harusi au kwenye jukwaa la mkutano wa hadhara. Ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, ile wanamuziki wanayoiita kiki, hugongwa na kichwa kidogo kilichoshikwa na fimbo ya chuma ya pedali. Kichwa hicho wapiga dramu hukiita bita. Mara nyingi bita inayotumika ni ileile iliyokuja na pedali siku iliponunuliwa, na hubaki hapo mpaka ichakae, ngoma ihamie popote. Ngoma ikilalamikiwa kwamba haisikiki, hulaumiwa ngozi, spika, au mguu wa kijana anayepiga. Hoja yangu ni kwamba bita ichaguliwe kuanzia kwenye sikio la msikilizaji aliyeketi mbali kuliko wote, kisha turudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye pedali. Ukianzia huko, utakuta kanisa la mabati la Kegonga na bendi ya benga inayocheza uwanjani hapohapo Kegonga vinahitaji bita mbili zinazopingana.

Ngoma hii Afrika Mashariki iliijua kabla ya kuijua pedali. Ilikuja na bendi za kijeshi, na mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa tayari wameifanya yao katika mashindano ya ngoma za beni, ikibebwa kifuani na kupigwa kwa rungu lenye kichwa kilichovikwa kitambaa au sufi. Huko Marekani wapiga ngoma wa kumbi za michezo walihangaika kupiga ngoma kubwa na ndogo kwa mikono yao miwili, mpaka pedali za kufaa zilipoanza kutengenezwa. Moja iliyovuma ni ile ya William F. Ludwig, ambaye mwaka 1909 alifungua kiwanda Chicago pamoja na nduguye Theobald. Watu husifu pedali kwa kuikomboa mikono, na ni haki yake. Lakini kuna kitu kilichopotea siku hiyo ambacho sisi hatukizungumzii. Rungu likiwa mkononi, mpigaji aweza kulipeleka katikati ya ngozi au pembeni, kulilaza au kulisimamisha, na hata kubeba marungu mawili akabadilisha wimbo unapobadilika. Pedali ililifunga rungu mahali pamoja, kwa pembe moja na kichwa kimoja. Uamuzi ambao mkono uliufanya kila dakika sasa hauna budi kufanywa kabla wimbo haujaanza, na asiyeufanya yeye mwenyewe amefanyiwa na kiwanda.

Ili uamuzi huo uwe na msingi, ni lazima kujua bita hufanya nini inapoifikia ngozi. Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayofaa sana hapa: mgoto na mvumo. Mgoto ni ule mlio wa kitu kigumu kikikutana na kingine, mfupi, wa juu, unaoisha kabla hujaugeukia. Mvumo ni ile sauti nene inayobaki nyuma yake na kusikika tumboni zaidi ya masikioni. Si ajabu kwamba katika ngoma za pwani ile kubwa yenye sauti nzito huitwa vumi. Kila pigo la ngoma ya mguu lina vyote viwili, na kazi ya bita ni kuvigawa. Ngozi ya ngoma ya inchi 22 iliyolegezwa kama wengi wanavyoilegeza huwa na sauti yake ya chini kabisa karibu na mitikisiko 50 hadi 80 kwa sekunde. Juu ya hiyo kuna nyingine nyingi kwa wakati mmoja: kwa ngozi ya duara, zinazofuata huwa takriban mara 1.59, mara 2.14 na mara 2.30 ya ile ya kwanza, na kuendelea. Kwa kuwa hesabu hizo hazilingani kama zinavyolingana za uzi wa gitaa, ngoma haiimbi noti iliyo wazi; inadunda. Sauti hizo zote zimelala ndani ya ngozi zikisubiri kuamshwa, na bita ndiyo inayoamua zipi ziamke.

Fikiria sauti ya mitikisiko 50 kwa sekunde. Mtikisiko wake mmoja huchukua sehemu 20 za elfu za sekunde, yaani milisekunde 20. Sauti ya mitikisiko 3,000 humaliza safari yake kwa theluthi moja tu ya milisekunde. Bita laini inapoifikia ngozi hujibonyeza kidogo. Nguvu yake hupanda polepole, na hukaa juu ya ngozi muda mrefu zaidi kabla ya kurudi. Muda huo wote imekuwa kama kiganja kilichowekwa juu ya ngozi: mitikisiko mifupi inazimwa kabla haijaanza, ile mirefu inapita bila taabu. Bita ngumu haibonyei. Nguvu yake hupanda ghafla, na huo ughafla ndio unaoziamsha sauti za juu. Kwa hiyo anayesema bita ngumu inaongeza sauti hajakosea sana, ila usemi ulio sahihi zaidi ni kwamba bita ngumu inaamsha zaidi, na bita laini inachuja. Uzito nao una sauti yake. Bita nyingi hazipishani mbali na gramu 100, na tofauti ndogo tu huhisiwa na mguu: nzito husukuma ngozi kwa nguvu zaidi na kuongeza mvumo, lakini hurudi kwa uvivu, nyepesi humrahisishia kazi mwenye mapigo ya haraka.

Vifaa vinavyotumika ni vichache na tofauti zake si fumbo. Inayopatikana kila mahali ni ya feliti, yaani sufi iliyoshindiliwa mpaka ikakazana, na hiyo yenyewe ina daraja: iliyoshindiliwa sana inakaribia ugumu wa mpira mkavu, iliyoshindiliwa kidogo inabonyea kwa kidole. Laini kuliko zote ni ile iliyovikwa manyoya ya kondoo, ambayo karibu haina mgoto kabisa. Mpira hukaa katikati, una pigo lililo imara lakini lisilo kali. Mbao ina mgoto mkavu wenye joto kidogo ndani yake, na plastiki ngumu ndiyo yenye makali kuliko zote. Wapigaji wa muziki mzito wa roki wa Ulaya na Marekani huipenda kwa sababu magitaa yao hufunika kila kitu kisicho na ncha. Kuna bita zenye nyuso mbili, feliti upande mmoja na plastiki upande wa pili, kama zile zinazokuja na pedali za kampuni ya Drum Workshop, na kuna zenye nyuso nne za Pearl. Kwa mpigaji anayehama kutoka kanisani Jumapili asubuhi kwenda harusini wiki inayofuata, hizo ndizo ningempendekezea kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu nitakayoieleza sasa.

Tuanze na kanisa. Chukua jengo la kawaida la huku: kuta za matofali, sakafu ya saruji, paa la mabati lisilo na dari. Vyote hivyo hurudisha sauti za juu kama ukuta unavyorudisha mpira. Mgoto mmoja unapigwa, sakafu inaurudisha, ukuta wa nyuma unaurudisha, na kwa wimbo wa haraka mwangwi wa pigo la kwanza unagongana na pigo la pili. Sauti nene hazina bahati hiyo. Bati ni jembamba. Mvumo unalitikisa na kupotelea nje. Ushahidi wa jambo hili anao kila mtu aliyewahi kupita barabarani karibu na kanisa wakati wa ibada: akiwa mbali hasikii maneno wala magitaa, husikia dum, dum, dum peke yake, kwa kuwa mvumo ndio uliofaulu kutoka. Maana yake ni kwamba walio ndani wamebaki na sehemu ndogo ya mvumo na ziada ya mgoto. Kumpa mpigaji wa kanisa hilo bita ya plastiki ni kumwongezea chumvi aliyekwisha kuzidisha. Anachohitaji ni feliti, tena yenye uso wa mviringo, inayoujaza ukumbi kwa kile ambacho paa linakipoteza na kuacha sauti za kati zibaki wazi kwa ajili ya kwaya na mhubiri.

Mvua inaongeza uzito wa hoja hii. Nyanda za Kuria hupata mvua nyingi, na mvua inapolichapa bati kelele yake huwa imejaa zaidi sauti za kati na za juu, zilezile ambazo mgoto unaishi ndani yake. Wakati huo bita ngumu inazama, na mvumo, kwa kuwa uko chini ya kelele, una nafasi nzuri zaidi ya kupita. Hata hivyo kuna jambo moja la kuangalia, nalo huwapotosha wengi. Jumamosi wakati wa mazoezi ukumbi huwa mtupu. Jumapili huwa umejaa watu, na miili na nguo za watu hunyonya sauti za juu. Bita laini kupindukia iliyopendeza Jumamosi itasikika kama mto wa kulalia ukipigwa Jumapili. Ndiyo maana simshauri mpigaji wa kanisa akimbilie manyoya ya kondoo, bali feliti iliyoshindiliwa kwa kiasi, na hukumu yake aitoe watu wakiwa ndani.

Sasa toka nje. Uwanjani hakuna ukuta wa kurudisha kitu. Kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua, na mvumo wa mitikisiko 50, ambao wimbi lake moja lina urefu wa karibu mita 7, hutawanyika pande zote bila kitu cha kuukusanya. Sikio nalo halisikii sauti zote kwa usawa: linasikia vizuri kabisa kati ya mitikisiko 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na kwa sauti nene sana ni zito. Ongeza spika ndogo zilizokodiwa ambazo haziwezi kutoa mvumo wa kweli, na jenereta inayonguruma pembeni ikiwa imeikalia nafasi ileile ya chini. Katika hali hiyo mpigaji mwenye bita laini anapiga ngoma ambayo yeye peke yake, aliye juu yake, ndiye anayeisikia. Mchezaji aliye mita 40 mbali hufuata mgoto. Na siku hizi harusi haiishi siku ya harusi: inarekodiwa kwa simu, na spika ya simu kwa udogo wake haina mvumo wowote wa kumpa msikilizaji. Ikiwa hakuna mgoto katika rekodi ile, hakuna ngoma ya mguu ndani yake. Hapa mbao au plastiki ndiyo inayofaa, kama chuma kilivyofaa kwenye kidole cha mpiga nyatiti, ambaye kwa kawaida alipiga uani na si ndani ya ukumbi.

Inafaa kukumbuka kwamba majibu yote mawili yamekuwa katika eneo hili kabla ya seti za dramu. Wakati Waluo walivisha mguu chuma kugonga mbao, Wakuria walicheza kwa viatu vizito vya mbao vyenye soli nene, na mguu wao uligonga ardhi. Ardhi haitoi mgoto, inatoa kishindo. Na kinubi chao, iritungu, ni kikubwa na kina sauti nzito kuliko nyatiti, kinakaribiana na obokano ya Abagusii. Sitaki kujenga nadharia kubwa juu ya hilo, wala kusema kwamba mpigaji wa Kikuria leo anapaswa kutumia bita laini kwa sababu ya babu zake. Ninachosema ni kwamba ndani ya kaunti moja ya Migori jamii mbili zilizoishi jirani ziliupa mguu vifaa viwili tofauti, na kila upande ulikuwa na sababu za kimuziki, kwa hiyo wazo la kwamba kuna bita moja bora kwa wote ni geni kwa historia ya hapa.

Baada ya mahali, swali linalofuata ni nani anapiga pamoja nawe. Benga ni mfano ulio wazi. Muziki huu uliopevuka miaka ya 1960 kuzunguka ziwa, na ambao bingwa wake Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, ng'ambo ya mpaka wetu katika mkoa wa Mara, umejengwa juu ya magitaa yanayojibizana na gitaa la besi ambalo haliketi nyuma kwa unyenyekevu. Gitaa hilo linatembea, linaruka, lina sentensi zake. Nafasi ya sauti nene imekwisha kukaliwa. Ngoma ya mguu ikija na mvumo mrefu inamkanyaga mpiga besi, na matokeo yake ni uji: husikii noti ya besi wala pigo la ngoma. Mgoto mfupi unatua juu ya noti na kuipa mwanzo ulio wazi. Vivyo hivyo kwa cavacha, mdundo ambao Wakongo wanautaja pamoja na jina la Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa, na uliosambaa kwenye kumbi za Nairobi miaka ya 1970: mguu ukishika mapigo yote manne bila kupumzika, mvumo mrefu unajaza kila pengo na wimbo unakosa hewa. Kwaya isiyo na gitaa la besi iko upande wa pili kabisa. Pale chini hakuna mtu, na ngoma yenye mvumo ndiyo inayoibeba sauti ya nne. Ohangla ya siku hizi, muziki wa Waluo wenye kinanda cha umeme kinachotoa besi pamoja na ngoma za mkono, inaelekea upande wa benga: kinanda kimekwisha kujaza chini, basi mguu uwe na ncha.

Kuna watakaosema naikuza bita kupita kiasi, kwamba ngozi na jinsi ilivyokazwa ndiyo sauti ya ngoma. Nakubali kwamba ngozi ina neno kubwa zaidi. Ngoma iliyokazwa vibaya haiokolewi na bita yoyote, na namna ya kuizima kwa ndani hubadilisha mengi: mwaka 1966 huko London fundi wa sauti Geoff Emerick alijaza sweta la sufi ndani ya ngoma ya Ringo Starr, akasogeza maikrofoni karibu, na pigo la ngoma katika rekodi za Beatles likapata nguvu ambayo halikuwa nayo. Lakini tazama gharama na muda. Kubadilisha ngozi ni kufungua skrubu zote, kununua ngozi mpya ambayo pengine itatoka Nairobi, na kuikaza upya sawasawa. Kubadilisha bita ni kulegeza skrubu moja. Fimbo za bita nyingi zina unene wa takriban milimita 8, hivyo zinaingia kwenye pedali nyingi bila kujali zimetoka kiwanda gani. Mwenye pesa kidogo na jioni moja ataisogeza sauti yake mbali zaidi kwa bita tatu kuliko kwa ngozi moja. Tena ngozi haiwezi kutoa sauti ambayo haikuamshwa.

Pingamizi la pili husema kazi hii ni ya mixa: weka maikrofoni, pandisha sauti za juu, mgoto utapatikana. Mixa inapandisha kilichopo. Bita ya manyoya isipoamsha sauti ya mitikisiko 3,000, ukipandisha sehemu hiyo utakachopata ni matoazi na ngoma ndogo vilivyo karibu, kwa kuwa maikrofoni ya ngoma ya mguu inavisikia navyo. Zaidi ya hapo, matukio mengi ya huku yana maikrofoni mbili au tatu, na zote zinaenda kwa waimbaji. Ngoma inabaki uchi, na bita ndiyo mixa pekee aliyo nayo mpigaji.

La tatu linahusu mguu. Wapo wanaoamini kwamba mpigaji mzuri atatoa sauti yoyote kwa bita yoyote. Mguu una uwezo kweli: ukiikandamiza bita kwenye ngozi baada ya pigo, unazima mvumo, ukiiachia irudi, unaiacha ngoma iimbe. Mpigaji anayejua kufanya yote mawili ana utajiri ambao hakuna duka linaouza. Lakini mguu unatawala kinachotokea baada ya mguso na nguvu ya mguso wenyewe. Ugumu wa uso unaokutana na ngozi hauko chini ya amri yake. Kupiga kwa nguvu ili kulazimisha feliti laini itoe mgoto kunachosha mguu kabla ya wimbo wa tano na kuivuruga kasi, na katika muziki wa kucheza, kasi iliyovurugika ni kosa kubwa kuliko sauti isiyopendeza.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wenye mali, yaani wazee wa kanisa na viongozi wa bendi, wanaosema bita ngumu hupasua ngozi. Wahenga walikwisha kuonya kwamba ngoma ivumayo haikawii kupasuka, na katika mji ambako ngozi mpya haipatikani dukani, hofu hiyo ni ya haki. Jibu langu ni kwamba kinachopasua ngozi mara nyingi ni pembe, ugumu unafuata nyuma. Bita yenye uso bapa inapaswa kuifikia ngozi ikiwa imelala sawa. Fimbo ikirefushwa au kufupishwa, au ngoma ndogo ya inchi 18 ikiinuliwa ili pedali iifikie, uso huo hukutana na ngozi kwa ukingo wake, na ukingo wa plastiki ni kisu. Hata feliti bapa hukata ikipiga kwa ukingo. Uso wa mviringo husamehe, kwa sababu kwa pembe yoyote unagusa kwa mgongo wake. Anayetaka ugumu kwa usalama achague mbao ya mviringo, abandike kiraka mahali inapogonga, na akumbuke kwamba kiraka kigumu nacho huongeza mgoto, hivyo huenda akaridhika na bita isiyo ngumu sana kama alivyodhani. Feliti nayo haina kinga ya milele: ikipigwa miezi mingi hushindiliwa zaidi na uso wake kulala, sauti ikawa kali polepole bila mwenyewe kugundua. Kuizungusha kidogo kwenye fimbo, ili sehemu mpya itazame ngozi, hurudisha sauti ya zamani.

Pale ambapo dukani hakuna kitu, kuna njia. Seremala mwenye mashine ya kukereza anaweza kutoa tufe la mti mgumu lenye tundu la milimita 8, mradi apewe bita ya zamani apime ukubwa na uzito. Anayetaka ulaini anaweza kuivika bita ngumu kipande cha ngozi ya kondoo yenye manyoya na kukifunga shingoni kwa uzi imara, akakivua anapotoka nje. Namna hiyo bita moja inatumika sehemu mbili, na naiona ni njia ya heshima kabisa kwa kanisa ambalo bado linachangisha pesa za maikrofoni.

Urefu wa fimbo nao ujaribiwe kabla ya kuilaumu bita. Pigo la katikati kabisa ya ngozi huamsha zaidi zile sauti zinazotikisa ngozi yote kwa pamoja, na hizo huisha haraka: unapata kishindo kifupi chenye pigo. Ukishusha bita inchi mbili tatu kutoka katikati, zinaamka sauti zinazochukua muda kuisha, na ngoma inakuwa na mlio mrefu zaidi. Uwanjani na benga, katikati. Na kwaya iliyo peke yake, chini kidogo. Ukishusha, tazama tena pembe.

Jaribio lenyewe halihitaji mtaalamu. Wawili wanatosha: mmoja apige, mwingine aende kuketi pale anapoketi msikilizaji wa mwisho, iwe ni benchi la nyuma karibu na mlango au chini ya mti ulio pembeni ya uwanja. Kwaya iimbe au magitaa yapige, kwa sababu ngoma ikipigwa peke yake itampendeza kila mtu kwa bita yoyote. Wimbo mmoja upigwe mara tatu kwa kasi ileile, feliti, kisha mpira au mbao, kisha plastiki, na aliye nyuma arekodi kwa simu bila kuambiwa ni bita ipi iliyo kwenye pedali. Atakaporudi aulizwe jambo moja tu: ni mara ya ngapi mguu wake ulijua pa kukanyaga?